Ukienda Gede kwa miguu, beba maji

Wikendi ndiyo hiyo, huna mpango na mfuko haujanona? Vaa raba, jaza chupa mbili za maji, panda matatu ya Malindi na umwambie makanga akushushe Gede.

Kutoka stejini hadi kwenye magofu ni mwendo mfupi tu. Fika asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma. Ukishalipa langoni, unaingia msituni: mibuyu, kivuli kizito, na tumbili wanaokodolea mkoba wako macho. Mara unaziona kuta za matumbawe. Kuna msikiti mkuu, kasri, nyumba zenye vyoo ndani, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka wa 1948, akapata vyombo vya kaure na sarafu kutoka Uchina. Lakini usidanganywe eti mji ulijengwa na wageni. Wajenzi walikuwa Waswahili wa pwani hii hii. Wageni walikuja kufanya biashara. Mwaka wa 2024, UNESCO iliutambua kuwa Urithi wa Dunia.

Sasa simama kwenye kisima karibu na msikiti mkuu. Kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena kwenda chini zaidi. Watafiti wanaona hapo dalili kwamba maji yalikuwa yakipungua ardhini, na huenda hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wenyeji wahame katika karne ya 17. Wengine hutaja vita. Vyovyote vile, kaure hainyweki.

Ukitoka, shika barabara ya Watamu. Ni kama kilomita sita hadi baharini, na hapo ndipo utajua kwa nini nilikwambia ubebe chupa mbili. Tembea taratibu, na ukichoka usione haya kupungia tuktuk. Ukifika ufuoni, waulize wavuvi saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kufuata mchanga.

Keti kidogo, unywe kilichobaki. Katika kaunti hii hii ya Kilifi, kuna akina mama ambao bado hufuata maji mbali, mitungi kichwani. Kisima cha Gede si hadithi ya kale kwao.

Basi piga selfi zako, lakini usichore jina lako ukutani. Na chupa tupu, rudi nazo nyumbani.