Zombi juu ya vilima vya Kampala: Mchezo wa kuteka maeneo husanifiwa vipi, na unafundisha nini?

Katika michezo ya kuteka maeneo, mchezaji hupewa ramani, vikosi vichache na jukumu moja: kutwaa eneo baada ya eneo hadi ramani nzima iwe yake. Adui wake wa kawaida ni mchezaji mwenzake, mwenye akili, tamaa na hofu kama yeye. Lakini wapo wasanifu wa michezo walioongeza adui wa namna nyingine, asiye na jemadari, asiye na mpango na asiyeweza kufanya naye mapatano. Adui huyo ni zombi, maiti anayetembea.

Kumweka zombi kwenye ramani huonekana kazi nyepesi, kana kwamba inatosha kubadili picha za askari. Kwa hakika ni kazi ya hesabu, na hesabu hiyo inakaribiana mno na ile ya kuenea kwa maradhi. Katika mji kama Kampala, uliokabiliana na mlipuko wa Ebola mwanzoni mwa mwaka 2025, suala hili linazidi mipaka ya burudani.

Mchezo ulianzia wapi?

Mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii ni Risk, uliobuniwa na mwongozaji filamu wa Ufaransa, Albert Lamorisse, na kutolewa mwaka 1957. Ubao wake una maeneo 42. Afrika imegawanywa katika maeneo sita, na moja kati ya hayo huitwa Afrika Mashariki.

Kanuni zake ni chache. Mwanzoni mwa zamu, mchezaji huhesabu maeneo aliyonayo, hugawanya kwa tatu, na hupata askari wapya kwa idadi hiyo, ila hawapungui watatu. Vita huamuliwa kwa dado. Anayeshambulia hurusha dado zisizozidi tatu, anayejilinda hurusha zisizozidi mbili, kisha namba kubwa hulinganishwa na kubwa. Namba zikilingana, mlinzi ndiye mshindi.

Zombi aliingia rasmi katika ubao huo mwaka 2013, lilipotolewa toleo la Risk lililotokana na hadithi ya The Walking Dead. Tangu awali mashabiki wa michezo ya ramani walikuwa wakijibunia kanuni zao wenyewe za zombi.

Msukule alitangulia sinema

Zombi anayekula watu ni kiumbe wa sinema. Sura hiyo ilipata nguvu kutokana na filamu ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead. Zombi wa asili alikuwa mwingine. Katika masimulizi ya Haiti, yaliyohifadhiwa na watu waliotolewa Afrika wakiwa watumwa, zombi ni mtu aliyenyang'anywa utashi wake ili atumikishwe shambani bila kukoma. Neno lenyewe huhusishwa na lugha za eneo la Kongo.

Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa wanalo neno msukule. Katika imani za watu wengi, hasa nchini Tanzania, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amefichwa na mchawi ili amfanyie kazi. Kwa hiyo msukule na zombi wa Haiti ni wahanga. Sinema ndiyo iliyomgeuza mhanga kuwa adui, na tofauti hiyo ina uzito wake kwa msanifu, kama itakavyoonekana mbele.

Kete iliyoliwa humtumikia aliyeila

Sifa kuu ya zombi katika mchezo ni kwamba askari aliyeuawa haondoki ubaoni. Huhamia upande wa pili.

Kanuni hiyo si ngeni nchini Uganda. Omweso, mchezo wa jadi unaohusishwa kwa karibu na Buganda na unaochezwa hadi leo vibarazani Kampala, huchezwa kwenye ubao wenye mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, kwa kete 64. Mchezaji anapokula kete za mwenzake hazitupi nje. Huzipanda katika mashimo yake mwenyewe, na papo hapo zinakuwa nguvu yake. Kete 64 hubaki 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni mwenye nazo. Bao la pwani nalo hufuata mwendo huo wa kete iliyoliwa kubaki mchezoni.

Ndiyo maana mchezaji wa omweso huelewa upesi jambo linalowasumbua wageni wa michezo ya zombi: kila pigo moja huleta hasara mbili. Upande mmoja unapungua kete, na upande wa pili unaongezeka kwa kete zile zile.

Ramani: vilima, mabonde na milango

Kabla ya kanuni, msanifu huchora ramani. Kampala inafaa kuwa mfano. Mji huo husemwa kuwa ulijengwa juu ya vilima saba, ingawa kwa sasa umevuka idadi hiyo, na umegawanywa katika divisheni tano: Kati, Kawempe, Nakawa, Makindye na Rubaga.

Divisheni ya Kati inapakana na nyingine zote nne, ambazo zimeizunguka kama pete. Kwa mchezaji, Kati ni tunu na ni mtego. Anayeishika anaweza kufika popote, lakini anaweza kushambuliwa kutoka popote. Maeneo ya pembeni yana mipaka michache, hivyo hulindwa kwa askari wachache.

Divisheni tano hazitoshi kwa mchezo mzuri. Msanifu angelazimika kuzigawanya zaidi kwa kufuata umbile la mji: Nakasero, Kololo, Makerere, Namirembe, Mengo, Kibuli, Nsambya, Muyenga, Naguru. Kilima kingeweza kumpa mlinzi nafuu. Bonde lenye tope kama la Lubigi lingekuwa kizuizi. Mfereji wa Nakivubo, unaoteremka kuelekea Ziwa Victoria, ungekuwa mpaka unaovukwa mahali pachache tu.

Kisha huja barabara. Barabara za Jinja, Entebbe, Masaka, Hoima, Bombo na Gayaza ndizo milango ya mji. Zombi anayeanzia katikati ya mji huenea pande zote kwa zamu chache. Anayeanzia ukingoni huwapa wachezaji muda wa kujipanga. Kuchagua mahali pa kuanzia ni kuchagua ugumu wa mchezo.

Hesabu ya dado moja

Zombi hana mchezaji anayemwongoza, hivyo lazima aongozwe na kanuni. Iliyo rahisi ni hii: mwishoni mwa kila mzunguko, kila eneo la zombi hushambulia eneo jirani lenye askari wachache kuliko mengine. Kila askari anayeanguka hugeuka zombi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Tuseme zombi wanarusha dado tatu dhidi ya mbili za mlinzi. Dado tano zinaweza kuanguka kwa namna 7,776. Katika namna 2,890 mlinzi hupoteza askari wawili, katika 2,275 mshambuliaji ndiye anayepoteza wawili, na katika 2,611 kila upande hupoteza mmoja. Kwa wastani, katika mirusho 100, zombi 92 huanguka na askari 108 huanguka. Kwa kuwa askari hao 108 hugeuka zombi, kundi la zombi huongezeka kwa 16. Mchezo wa namna hiyo hauna mwisho mwema: zombi watajaza ramani nzima, na ustadi wa wachezaji hautabadili chochote zaidi ya kuchelewesha.

Msanifu akiwaondolea zombi dado moja tu, mambo hubadilika. Dado mbili dhidi ya mbili zina namna 1,296: katika 295 mlinzi hupoteza wawili, katika 581 mshambuliaji hupoteza wawili, na katika 420 kila upande hupoteza mmoja. Katika mirusho 100 zombi 122 huanguka na askari 78 tu ndio hugeuka. Kundi hupungua kwa 44. Zombi bado ni hatari, lakini wakikutana na ulinzi imara huisha.

Hata hivyo, hesabu hiyo inamhusu mlinzi mwenye askari wawili au zaidi. Askari aliyeachwa peke yake hurusha dado moja, na zombi wenye dado mbili humshinda katika namna 125 kati ya 216, yaani karibu mara 58 katika kila 100. Hapo zombi huanza kuongezeka tena.

Katika hali hiyo ndimo ulimo utamu wa mchezo. Mchezaji mwenye tamaa hutwaa maeneo mengi upesi na kuacha askari mmoja mmoja nyuma yake. Katika Risk ya kawaida mbinu hiyo humtajirisha. Katika mchezo wa zombi anawaandalia zombi chakula, tena chakula chenyewe ni jeshi lake.

Wataalamu wa maradhi walipoutazama mchezo

Wanaofuatilia magonjwa ya mlipuko huitambua hesabu hiyo mara moja. Swali lao la kwanza huwa lile lile: mgonjwa mmoja huambukiza wangapi? Wakizidi mmoja, ugonjwa hukua. Wakipungua mmoja, hufifia. Katika mfano wa dado, kila zombi anayeanguka huacha nyuma yake zombi wapya 1.17 akiwa na dado tatu, na 0.64 akiwa na mbili. Tofauti kati ya maangamizi na usalama ni dado moja.

Ukaribu huo uliwavutia wanasayansi. Septemba 2005, maradhi ya kubuni yaliyokusudiwa kubaki sehemu moja ya mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft yalitoroka na kuenea katika miji yake. Wachezaji wengine walikimbia, wengine walijitolea kutibu, na wengine waliyaeneza kwa makusudi. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika katika jarida la The Lancet Infectious Diseases kwamba tukio hilo lingeweza kusaidia kuelewa tabia za watu wakati wa mlipuko. Mwaka 2009 watafiti nchini Canada walitunga kanuni za kihisabati za shambulio la zombi, na matokeo yao yalionyesha kwamba jamii husalimika pale tu inapochukua hatua za haraka na kali.

Mgonjwa si zombi

Ufanano huo una mpaka, na Uganda ni mahali ambapo mpaka huo unaonekana wazi.

Mlipuko wa Ebola aina ya Sudan uliotangazwa Septemba 2022, ambao kitovu chake kilikuwa Mubende, ulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa. Waliofariki miongoni mwao walikuwa 55, na 87 walipona. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu walirudi makwao. Zombi wa sinema harudi kamwe. Dawa yake ni risasi tu. Mchezo unaomchora mgonjwa kama zombi humfundisha mchezaji kwamba aliyeambukizwa amekwisha kuwa adui. Fundisho hilo likitoka ubaoni na kuingia mtaani, mgonjwa hujificha na aliyepona hutengwa.

Madhara ya jina hilo yamekwisha kuonekana. Watoto wa kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum, Pader na Lamwo, walipopatwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa unaoandamana na kifafa, baadhi ya vyombo vya habari vya nje viliuita ugonjwa wa zombi. Walikuwa watoto wagonjwa, wengi wao wakihitaji dawa za kifafa, chakula na uangalizi.

Kanuni nyingine zinawezekana

Msanifu anaweza kulibadilisha somo bila kuua msisimko. La kwanza ni kumrejeshea zombi ubinadamu wake, kama msukule anayekombolewa: eneo lenye hospitali, kwa mfano Mulago, liweze kila zamu kumrudisha zombi mmoja kuwa askari.

La pili ni kuiga mbinu halisi. Uganda ilipotangaza mlipuko Kampala tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza siku nne baadaye, yakiwalenga waliokutana na wagonjwa pamoja na wale waliokutana na hao. Tarehe 26 Aprili mlipuko ulitangazwa kumalizika. Katika ramani, mbinu hiyo ni pete: badala ya kuwashambulia zombi, mchezaji huimarisha maeneo yote yanayowazunguka. Hesabu ya dado inaiunga mkono, maana eneo lenye askari wawili au zaidi ndilo linalowapunguza zombi.

La tatu ni kuwalazimisha wachezaji kushirikiana. Hakuna mchezaji mmoja anayeweza kukamilisha pete inayopita katika divisheni tatu. Mchezo wa ubao wa Pandemic, uliotolewa mwaka 2008, ulijengwa juu ya wazo hilo: wachezaji wote hushinda pamoja au hushindwa pamoja.

Uganda ina mfano wa karibu wa mtu aliyeona uzito wa kanuni. Lual Mayen, raia wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza michezo kwa kompyuta ambayo mama yake aliichangia akiba kwa miaka mitatu. Mchezo aliouita Salaam humweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia vita. Mwaka 2018 kazi yake ilitambuliwa katika tuzo za kimataifa za michezo ya kompyuta.

Kwa msanifu chipukizi wa Kampala, vifaa vya kuanzia si ghali: karatasi, kalamu, dado tano na kete za omweso. Atakapokwisha kuchora vilima na kuhesabu dado, litabaki swali ambalo hesabu haiwezi kumjibia: zombi wake ataangamizwa, au ataokolewa?