Mgeni wa Mvita



Tumepokea suali kutoka kwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Kila mwezi hubishiwa hodi na watu wa kanisa la mtaani kwake, wakamletea vijarida vya dini yao. Yeye huwakaribisha, huwatilia chai, huwasikiliza, kisha huwaaga kwa wema. Mwanawe aliyezaliwa huku humlaumu, akasema kwamba mlango ungefungwa tu, basi. Mama anatuuliza: wazee wetu walipofikwa na wageni wa namna hii, walifanyaje?

Hatutamjibu kwa fatwa, kwani jambo hilo lina wenyewe. Tumeona afadhali tumsimulie, pamoja nanyi, habari za mgeni mmoja aliyebisha hodi Mombasa mwaka 1844, na mambo yaliyomkuta ambayo hakuyatarajia.

Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf, mtoto wa mkulima wa Kijerumani, aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen. Alitumwa na jumuiya ya Waanglikana wa London iitwayo Church Missionary Society, kwanza akakaa Abesinia, na huko milango ikamfungia mwaka 1842. Wakati huo alikwisha kuoa, na mkewe, Rosine, alijifungua mtoto wa kike wakiwa safarini jangwani. Mtoto hakuishi. Wakamwita Eneba, na maana yake kwa lugha ya Kiabesinia ni chozi.

Nia ya Krapf ilikuwa kuwafikia Wagalla, ambao leo wajiita Waoromo, na aliposhindwa kwa njia ya kaskazini alidhani ataweza kuwapata kwa kupitia pwani yetu. Kwa hiyo hakuja kwa ajili ya Waswahili hata kidogo. Sisi tulikuwa kizingiti tu cha nyumba aliyoitaka, na hilo ndilo jambo la kwanza la kustaajabisha, kwani kizingitini hapo ndipo alipoifanya kazi ambayo kwayo jina lake linakumbukwa.

Alifika Unguja mwezi wa Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima, akampa waraka wa kumtambulisha kwa maliwali wa pwani ili wamtendee wema na kumsaidia. Tukumbuke kwamba Sayyid alijua vyema mtu huyu amekuja kwa kazi gani. Hakudanganywa. Mfalme Mwislamu alimpa barua ya amani padri aliyekuja kuhubiri dini nyingine katika milki yake. Wako watakaosema kwamba hiyo ilikuwa siasa, kwani Sayyid alihitaji urafiki wa Waingereza. Hatukatai, lakini siasa peke yake haielezi yaliyofuata Mombasa.

Krapf na mkewe walihamia Mombasa mwezi wa Mei. Tarehe 8 Juni, kwa maandishi yake mwenyewe, alianza kukifasiri kitabu cha kwanza cha Musa kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumsaidia hakuwa mwingine ila Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mtu wa asili ya Barawa. Krapf aliihesabu siku ile kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake.

Tumejaribu kukifikiri kikao kile. Huku ni mgeni ambaye bado hajakaa sana mjini, ambaye Kiswahili chake bado ni cha kubabaisha lakini Kiarabu anakijua. Na huku ni mwanachuoni wa sheria aliyezoea kuhukumu mirathi na talaka, ambaye habari za Nabii Adam na Nabii Nuhu, alayhima ssalaam, hazikuwa ngeni kwake. Bila shaka alimsikia mgeni akisoma mambo ambayo Qur'ani imeyaeleza kwa namna nyingine. Hata hivyo hakuondoka. Kwa maoni yetu, mtu asiyekuwa na hofu juu ya dini yake hana sababu ya kukiogopa kitabu cha mwenziwe, na Sheikh yule hakuwa na hofu. Sura tatu za tafsiri ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Furaha ya mgeni haikudumu. Mwezi wa Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 Julai akafariki, naye mumewe kitandani, homa imemlaza, hata hakuwa na nguvu za kumwuguza. Baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mamaye. Kwa wasia wa marehemu walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, mahali ambapo wapitao njia wangeliona kaburi. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu kuhamia mji ule. Sisi tuliowahi kuzika ughaibuni, tuliowahi kumlaza mtu wetu katika ardhi ambayo hatukujua hata majina ya miti yake, hatuhitaji kuelezwa siku zile zilikuwa namna gani.

Krapf hakurudi kwao. Alikaa peke yake miaka miwili, akikusanya maneno, na mwaka 1846 akaletewa mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Mwezi wa Agosti walipanda milima ya Rabai, maili 12 hivi kutoka Mombasa, kwa Wanyika ambao leo tunawaita Mijikenda, ili wafungue makao. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Huyu akipanda, yule akitembea, kisha wakabadilishana.

Wakajenga nyumba, wakahubiri, wakangoja. Waliobatizwa katika miaka ile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wa kwanza alikuwa kiwete, jina lake Mringe, aliyekuwa karibu ya kufa. Pwani iliwapa wageni hawa salama na wasaidizi. Dini yao iliisikiliza, ikaiacha palepale ilipo.

Maajabu ya njiani yalikuwa mengi kuliko ya mimbarini. Mwezi wa Aprili 1848 Rebmann alifunga safari ya Uchagga pamoja na kiongozi wa misafara, Mswahili aitwaye Bwana Kheri, na wachukuzi wachache. Wafanyabiashara wa pwani walizoea kwenda bara na bunduki nyingi, na mgeni huyu silaha yake ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei aliona weupe unaong'aa juu ya mlima. Akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, naye Bwana Kheri akajibu neno moja tu: baridi. Rebmann, mtu wa nchi ya theluji, akafahamu mara moja. Habari zilipochapishwa London mwaka uliofuata, mwanajiografia mmoja mwenye jina, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga pwani yetu, alizikanusha kwa maneno makali, akasema kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Ilikuwa mpaka safari za Baron von der Decken, mwaka 1861 na 1862, ndipo maneno yale yalipothibitika. Lakini watu wa misafara walikuwa wakiijua baridi ile kabla ya wote hao.

Safari nyingine ya Uchagga ilikuwa ya machozi. Mfalme Mamkinga wa Machame alimnyang'anya Rebmann bidhaa zake zote alizozikusudia kwa safari ya mbele zaidi, kisha akamruhusu kurejea. Alipokuwa akiondoka aliagwa kwa kutemewa mate, na hiyo ndiyo iliyokuwa dua ya safari katika desturi ya huko. Mgeni hutendewa jambo la heshima akadhani ametukanwa. Nani kati yetu hapa ugenini hajafikwa na kinyume chake?

Krapf naye aliuona mlima Kenya kutoka Kitui mwezi wa Desemba 1849. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, na karibu na mto Tana msafara wake ulishambuliwa, mwenyeji wake Kivoi akauawa, na yeye akabaki peke yake nyikani. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, aliyajaza maji ya mto katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akatembea usiku na kujificha mchana.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ujerumani, na kwa miaka mingi iliyosalia alikaa katika mji wa Korntal. Sarufi yake ya Kiswahili ilikwisha kutoka Tübingen mwaka 1850. Kamusi yake kubwa, yenye kujaa Kimvita, ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Tusifiche jambo moja. Kiswahili chetu kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Tenzi, barua na hati za mashamba zote ziliandikwa hivyo. Krapf alichagua herufi za Kilatini, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba hakutaka maandishi yaupe Uislamu njia ya kuingia bara. Hivyo herufi hizi tuandikiazo gazeti hili zilichaguliwa na mtu aliyezitaka ziwe boma mbele yetu. Na mtu huyohuyo alizikusanya nakala za tenzi kwa hati ya Kiarabu, mojawapo ikiwa ya Chuo cha Herekali kilichotungwa Pate mwaka 1728, akazipeleka Ujerumani mwaka 1854 katika maktaba ya jumuiya ya wataalamu mjini Halle, na huko zikahifadhika. Mambo mawili haya tumeyapima mara nyingi tulipokuwa tukiandika makala hii, na mizani haikutulia upande mmoja. Tunamshukuru na tunamlaumu.

Rebmann alibaki pwani miaka 29. Mkewe, Emma, alizikwa Rabai mwaka 1866. Yeye mwenyewe macho yalimwisha, na mwaka 1875, aliporudishwa Ulaya akiwa kipofu, aliyemshika mkono alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Kwa hiyo mwaka ule mtu wa pwani ndiye aliyekuwa mgeni katika nchi ya baridi, akimwongoza mzee katika miji ambayo mzee mwenyewe hakuweza tena kuiona. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Nyondo alirejea kwao.

Haya ndiyo tuliyoweza kumpa mama yetu badala ya jibu. Mwanawe akipenda kutuandikia kinyume, nafasi yake ipo katika toleo lijalo, na tutayachapisha maneno yake kama yalivyo. Pia tunawaomba ndugu zetu wa Barawa, ambao ni wengi hapa London: iwapo yuko mzee miongoni mwenu aliyesikia kwa wazee wake habari za Sheikh Ali bin Mueddin, Kadhi wa Mombasa, basi tunaomba tumtembelee nyumbani. Chai tutakuja nayo sisi.

Wassalaam.