Wanaosema Kule Hakuna Ujirani

Kila anayerudi nyumbani kutoka Marekani huja na masimulizi yale yale: kule kila mtu na lake, jirani hamjui jirani, mtu anaweza kufa ndani na asijulikane mpaka wiki iishe. Nimeyasikia Same, nimeyasikia Dar es Salaam, na nayasikia hata hapa Winooski, jimbo la Vermont, vinywani mwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioishi hapa miaka. Wanaosema hivyo wamekaa mlangoni wakisubiri mtu apige hodi aombe chumvi, na kwa kuwa hakuna aliyekuja, wakahitimisha kwamba watu hawa hawana mila. Ujirani wa huku haupiti mlangoni. Upo barabarani usiku wa theluji, na upo ukumbini kwenye mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi. Huo wa ukumbini unatuponyoka, na hilo ndilo linaloniuma.

Nianze na theluji. Winooski ni mji wa watu wapatao 8,000, mitaa yake myembamba, nyumba zimebanana. Theluji ikianguka usiku, gari lililoachwa barabarani huvutwa, maana malori yenye bamba la chuma mbele lazima yapite. Nyuma ya lori hunyunyizwa chumvi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi tisa hasi hivi, chumvi huanza kushindwa kazi, na kwenye barabara za vumbi za milimani, ambazo ni zaidi ya nusu ya barabara za miji ya jimbo hili, humwagwa mchanga. Lori likishapita, huacha tuta la theluji nzito iliyoloa maji kwenye mlango wa kila uwanja. Hapo kazi ya mashine imekwisha, na ya binadamu inaanza.

Kazi hiyo ina adabu zake, na hakuna aliyeziandika. Kijana akimaliza njia yake huhamia kwa bibi wa nyumba ya pili, hagongi mlango, hangoji shukrani. Bomba la zimamoto lililo karibu na nyumba yako unalifukua wewe, kwa sababu moto hautawasubiri wazima moto walitafute kwa mabeleshi. Theluji ya uwanjani kwako huitupi barabarani. Gari likiteleza mtaroni, wa kwanza kupita husimama, na anayepita bila kusimama atasemwa. Nimeona mtu ambaye hakuwahi kunisalimia kwa zaidi ya neno moja akichimba njia ya mgonjwa alfajiri, theluji ikiwa magotini. Huyo tunamwita mtu asiye na ujirani?

  

Swali ambalo wageni hawaliulizi ni hili: lori lile amelinunua nani? Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye kodi ya majengo ya mji wenyewe, na katika miji midogo ya Vermont, tangu mkutano wa mji wa kwanza uliofanyika Bennington mwaka 1762, fedha hizo zimekuwa zikijadiliwa na wenye mji wakiwa wameketi pamoja. Siku ya mkutano, ile Jumanne ya kwanza ya Machi, ni sikukuu ya jimbo. Ripoti ya mji huwafikia watu angalau siku 10 kabla, na wazee huisoma na penseli mkononi: bei ya chumvi, dizeli, minyororo ya matairi, malipo ya saa za ziada za madereva. Miji mingine huchapisha humo hata majina ya wanaodaiwa kodi.

Ukumbini, ambao mara nyingi ni ukumbi wa michezo wa shule, kwanza huchaguliwa mwenyekiti. Kila neno huelekezwa kwake, hata kama unayempinga ameketi kando yako, na aliyekwisha kusema hasemi tena kabla wengine hawajapata nafasi. Kura hupigwa kwa sauti, ndiyo na siyo, kama Bungeni Dodoma. Sauti zikikaribiana, watu husimama wahesabiwe. Wapiga kura 7 wakitaka kura ya karatasi, itapigwa. Mchana watu hula pamoja, maharage ya kuoka na pai, na fedha za chakula huenda kwa wanafunzi au kwa kikosi cha zimamoto cha kujitolea.

Wajuaji huwacheka kwamba wanaweza kubishana saa nzima juu ya lori moja, kisha mamilioni yakapita kwa dakika. Mimi naona wanabishana juu ya kitu wanachokijua. Dereva yumo humo ndani, kaketi nyuma na viatu vyake vya mpira, macho mekundu kwa sababu yuko kazini tangu saa tisa usiku. Anayelalamika kwamba barabara yake husafishwa mwisho lazima amlalamikie akimwangalia, naye atajibu: kilima kile hakipandiki kabla mchanga haujamwagwa. Wapo pia wanaoishi kwenye barabara za daraja la nne, ambazo mji haulazimiki kuzisafisha wakati wa baridi, na kila mwaka huja kuomba. Huambiwa hapana na watu watakaowavuta kutoka mtaroni mwezi huo huo.

Jambo hili si geni kwangu: kwetu Upareni tuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na najua mradi wa wote unavyokuwa mtamu ukishaamuliwa na wote. Lakini waliokulia Kongo wakati wa Mobutu wanakumbuka salongo, kazi ya kuamrishwa, na siwashangai wakiuogopa wito wowote wa serikali.

Mkutano wa mji sasa unakonda. Profesa Frank Bryan, aliyekusanya kumbukumbu za mikutano zaidi ya 1,400 na kuandika kitabu mwaka 2004, alikuta wanaohudhuria ni kama mmoja katika kila wapiga kura watano. Mwaka 2021, wakati wa Uviko, miji iliruhusiwa kuhamishia kura zote kwenye karatasi, bila kikao, na baadhi haijarudi ukumbini. Wanaotetea karatasi wana hoja nzito: muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kukaa ukumbini mchana kutwa. Nakubali. Lakini karatasi ina ndiyo na hapana tu. Huwezi kupunguza kifungu, huwezi kumuuliza dereva. Machi 2024 takriban theluthi ya bajeti za shule za Vermont zilikataliwa, nyingi kwa karatasi, na wakuu wa shule wakabaki kubahatisha ni kifungu gani kiliwaudhi watu.

Winooski, kwa kuwa ni mji mkubwa kidogo, imezoea karatasi. Ila imefanya jambo ambalo wengi wetu hatujalithamini. Mwaka 2020 wapiga kura wake waliamua kwamba mkazi halali asiye raia apige kura ya mji. Gavana Phil Scott alikataa, Bunge la jimbo likampiku mwaka 2021. Montpelier ilipata haki hiyo hiyo, na mwaka 2023 ikafuata Burlington. Halafu nasikia jamaa zetu wakisema, hayo mambo ya wenyeji. Mwenyeji ni nani, ikiwa kodi ya jengo imo ndani ya pango unalolipa kila mwezi, na bomba la zimamoto umelifukua wewe?

Miji mingine ya Vermont hukutana Jumamosi, mingine Jumatatu jioni, ili wenye kazi waweze kufika. Nataka na sisi, kabla ya kura ya karatasi, tuwe na kikao cha bajeti cha Jumamosi, chenye wakalimani, chakula, na mtu wa kuangalia watoto. Mwaka litakapoombwa lori jipya, dereva awepo, na mama wa Kikongo aliyetoka zamu ya usiku amuulize mwenyewe kwa nini njia ya kwenda kituo cha basi ndiyo husafishwa mwisho.