Unajisi wa mbwa si ruhusa ya kumpiga mawe

Wiki hii tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa Miburani, na Mafia kwa jumla, huliona si la Waislamu: mbwa koko na paka wasio na mwenyewe.

Watoto wakitoka madrasa wakamwona mbwa njiani, la kwanza ni jiwe. Ukiwauliza, watakwambia mbwa ni najisi. Sawa, wamesoma. Katika madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata huku pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya kuosha. Ya kupiga iko wapi? Bukhari na Muslim wamepokea kwa Mtume (S.A.W.) habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Na paka hata najisi si. Ama kufuga mbwa nyumbani bila haja, makala haya hayalitetei hilo. Kuwinda na kulinda mifugo au shamba ndiko kulikoruhusiwa.

Sasa tuje kwenye tiba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na waathirika wakubwa ni watoto, hao hao wenye mawe. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Wapo wasemao, basi wauawe wote. Imejaribiwa kwingi, haikumaliza ugonjwa. Ukiua mbwa wa jalalani, wengine huhamia pale pale kufuata mabaki, nao hawajachanjwa. Sumu nayo huokotwa na kuku, paka na, Allah atuepushe, mtoto. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100, na kurudia.

Ushahidi uko Pemba, kisiwa cha Waislamu kama sisi. Mbwa walianza kuchanjwa kwa kampeni kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakatika. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 kikaondoka tena. Nasi tusijidanganye kwa bahari. Chombo kinachotoka Nyamisati kuja Kilindoni kinaweza kubeba mbwa kama kinavyobeba mchele.

Mbwa wa mtu huletwa na mwenyewe. Mbwa koko ataletwa na nani? Aliyezoea kupigwa mawe hamsogelei mtu, sembuse sindano. Aliyezoea kupewa maji na mabaki ya samaki na mtu mmoja wa mtaani hushikika. Kwa hiyo huruma hii ni kazi ya afya pia. Unguja ipo jumuiya ya ZAASO inayohudumia wanyama wa namna hii. Sisi tusisubiri jengo. Imamu anaweza kutangaza siku ya chanjo baada ya sala ya Ijumaa, kamati ya msikiti ikaenda kwa afisa mifugo kuomba chanjo na kuuliza habari ya kufunga kizazi, maana jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka na watoto wake ndio wanaojaa jalalani. Paka nao wachanjwe. Anayeogopa kunajisika akumbuke alivyofundishwa chuoni: kikavu kwa kikavu hakinajisi. Akilowa, ataosha.

Akiumwa mtu, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Asipake mafuta ya taa wala kitunguu. Na yule anayefikiria ile mara moja ya udongo: udongo usiingie kidondani kabisa, huleta pepopunda. Suala la twahara ya pale palipoumwa amuulize sheikh wake akiwa ameshachomwa sindano.