Umeme wa Chumvi: Moyo Unavyopiga na Yanayouvuruga

Moyo wa chura ukitolewa kifuani na kuwekwa ndani ya chombo chenye maji ya chumvi, huendelea kupiga. Hauna ubongo wa kuuamrisha, wala mshipa wa fahamu unaoufikia, wala tone la damu. Bado hujikunja na kulegea, pigo baada ya pigo. Kinachouendesha kimo ndani yake wenyewe. Sharti ni moja tu: chumvi iwe ile inayotakiwa. Na sharti hilo lilijulikana kwa bahati.

Mwaka 1882 daktari Sydney Ringer wa London alitangaza kwamba chumvi ya kawaida, ile ya mezani, inatosha kuuweka hai moyo wa chura. Baadaye ikabainika kuwa msaidizi wake wa maabara hakuwa akitumia maji yaliyokenekwa. Alikuwa akichota ya bomba. Yalipotumiwa maji safi yasiyo na kitu, moyo ulidhoofu na kusimama. Maji ya bomba la London yalikuwa na kalisiamu, na bila kalisiamu msuli wa moyo haujikunji. Mwaka 1883 Ringer alisahihisha kosa lake hadharani, kwa maandishi, akaeleza mchanganyiko wa sodiamu, potasiamu na kalisiamu unaoufaa moyo. Miaka ya 1930 Alexis Hartmann wa Marekani akauongezea lakteti. Hiyo ndiyo dripu ya Ringer inayoning'inia leo juu ya vitanda vya wagonjwa kuanzia Kigoma hadi Lamu. Asili yake ni moyo wa chura uliogoma kupiga.

Chumvi hizo tatu ndizo umeme wa moyo. Kila seli ya msuli wa moyo ni betri ndogo: ndani yake mmejaa potasiamu, kiasi cha mara 30 ya iliyoko nje, na nje yake imejaa sodiamu. Katika utando wa seli kuna pampu za protini zisizopumzika usiku wala mchana. Kila zinapozunguka hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Matokeo yake, seli iliyotulia huwa na chaji hasi ndani, ya takriban milivolti 90. Ikishtuliwa, milango ya sodiamu hufunguka ghafla, sodiamu hujimwaga ndani, na chaji hugeuka kuwa chanya. Kalisiamu huingia nyuma yake, na hiyo ndiyo inayoziamuru nyuzi za msuli zijikunje. Mwisho potasiamu hutoka, seli hurudi kwenye utulivu wake, tayari kwa pigo lingine. Kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa vijitundu, ikishtuka moja humshtua jirani, naye humshtua wa pili yake.

Swali ni nani anayeanza. Jibu lilipatikana Kent, Uingereza, ambako Arthur Keith na Martin Flack, mwanafunzi wa udaktari wakati huo, walikuwa wakichunguza mioyo ya wanyama kwa hadubini. Katika moyo wa fuko, pale mshipa mkubwa unaorudisha damu unapoingia kwenye chumba cha juu cha kulia, Flack aliona fundo la seli zisizofanana na msuli wa kawaida. Walichapisha habari zake mwaka 1907. Fundo hilo huitwa nodi ya SA, na ndilo kiongozi wa mapigo. Seli zake hazijui kutulia. Zikimaliza pigo, chembe zenye chaji chanya huanza kupenya ndani polepole, chaji ikapanda yenyewe hadi milango ikafunguka, na pigo jipya likazaliwa. Kwa mtu mzima aliyepumzika hilo hutokea mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kwa siku moja hufika kama mara 100,000. Ubongo hauanzishi mapigo hayo. Unachofanya ni kuyaharakisha kwa adrenalini na kuyapunguza kwa neva ya vagasi. Ndiyo maana moyo huenda mbio mtu akishtuka, na hupoa akilala.

Kutoka kwenye nodi ya SA, umeme husambaa katika vyumba viwili vya juu, navyo husukuma damu chini. Hapo ndipo penye ufundi mkubwa kuliko wote. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna ukuta wa nyuzi usiopitisha umeme, na njia halali ni moja tu, nodi ya AV, aliyoieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906 akiwa Marburg, Ujerumani. Ndani ya nodi hiyo umeme hupunguzwa kasi na kucheleweshwa kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo mdogo ndio unaoviwezesha vyumba vya chini kujaa damu kabla ya kujikunja. Bila huo vyumba vya juu na vya chini vingesukumana kwa wakati mmoja na damu ingekosa pa kwenda. Baada ya kizuizi hicho umeme hupewa barabara kuu: fungu la nyuzi lililogunduliwa na Wilhelm His mwaka 1893, linalogawanyika mkono wa kulia na wa kushoto, kisha nyuzi za Purkinje zinazotapakaa kama mizizi chini ya ngozi ya ndani ya vyumba. Katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, vyumba vyote viwili vya chini huwa vimepata habari, na moyo hujikamua kwa pamoja.

Safari hiyo ndiyo inayochorwa na kipimo cha ECG. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ikihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alitumbukiza mikono yake na mguu wa kushoto katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite. Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Herufi zake zinatumika hadi leo: kilima kidogo P ni vyumba vya juu vinaposhtuka, mwiba mrefu QRS ni vyumba vya chini, na kilima T ni vyumba hivyo vikijirudisha kwenye utulivu.

Mfumo ulio sahihi kiasi hiki huvurugwa kwa njia nyingi, na iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku ni ile ya chumvi zenyewe. Potasiamu ya kwenye damu hutakiwa kuwa kati ya 3.5 na 5 hivi katika kipimo cha maabara. Mtoto anayeharisha sana huipoteza, betri za seli zake zikashindwa kurudi kwenye utulivu kwa wakati, na mapigo ya ziada yakaanza kuchomoza. Ndiyo maana pakiti ya ORS anayonyweshwa haina sukari na chumvi ya mezani pekee: kila lita moja ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, iliyowekwa kwa makusudi. Figo zikifeli mambo hugeuka. Potasiamu hulimbikizana, kilima T kikachongoka kama hema, QRS ikatanuka, na moyo ukaweza kusimama bila onyo. Mgonjwa wa figo anapoambiwa apunguze ndizi na maji ya dafu, ni moyo wake unaolindwa.

Pampu nazo zinaweza kuzibwa, na watu wa Afrika Mashariki walilijua hilo zamani kabla ya maabara yoyote. Wakamba, Wagiriama na Wawaata wa nyika ya Tsavo walichemsha magome na vijiti vya msunguti kwa saa nyingi hadi vikatoa lami nyeusi, wakaipaka kwenye mishale. Mnyama aliyechomwa hakufa kwa jeraha. Aliuawa na moyo wake uliopoteza mpangilio. Nyama yake iliweza kuliwa, kwa sababu sumu hiyo hupenya kwa shida sana kupitia tumboni. Kusini zaidi, katika bonde la Zambezi, mishale ilipakwa sumu ya mmea wa kombe. John Kirk, aliyesafiri huko na Livingstone kabla hajawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliiweka sumu hiyo mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, kisha akaona mapigo yake yamepungua. Kutokana na taarifa hizo dawa ya moyo ilitengenezwa Edinburgh. Mwaka 1957 Mdenmarki Jens Christian Skou alieleza pampu ya sodiamu na potasiamu, na sumu ya kundi hilo, wabaini, ndiyo iliyomsaidia kuthibitisha kuwa ameikuta pampu yenyewe. Nobel ilimfikia mwaka 1997. Digoksini inayotolewa hospitalini leo ni ndugu wa sumu hizo. Ikitolewa kidogo huupa nguvu moyo uliochoka, na ikizidi kidogo tu huuvuruga. Wahenga wa msunguti wanastahili kutajwa katika historia ya tiba ya moyo, na mara chache hutajwa.

Aina ya pili ya hitilafu ni njia kukatika. Uzee, kovu la mshtuko wa moyo au maambukizi huweza kuiharibu nodi ya AV au fungu la His, umeme wa juu usifike chini. Moyo una akiba: seli za chini nazo hujua kujianzishia pigo, ila kwa uvivu, mara 20 hadi 40 kwa dakika. Mtu hupata kizunguzungu, huchoka kwa hatua chache, au huanguka na kuzimia ghafla. Wapo wanaotibiwa kifafa kwa miaka kumbe tatizo ni moyo. Msweden Arne Larsson alikuwa akizimia mara 20 hadi 30 kwa siku. Tarehe 8 Oktoba 1958 daktari wa upasuaji Åke Senning alimwekea kifaa kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist kwa gundi ngumu iliyomiminwa katika kopo la kiwi ya viatu. Kilifanya kazi kwa saa chache tu kikafa. Larsson hakukata tamaa: alibadilishiwa vifaa 26 maishani mwake, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani, baada ya Senning na Elmqvist wote wawili kutangulia. Watu hukiita kifaa hicho betri ya moyo. Kwa kweli ni saa yenye betri: huhesabu muda, na pigo likichelewa hutoa mshtuo mdogo mahali pake. Nchini Tanzania huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam.

Ipo pia hitilafu ya njia kuzidi. Wengine huzaliwa na uzi mmoja wa ziada unaovuka ule ukuta usiopitisha umeme, na umeme ukishuka kwa njia moja ukapanda kwa nyingine hujikuta ukizunguka bila kikomo, mapigo yakipita 150 kwa dakika. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuuchoma uzi huo. Wengi hupona moja kwa moja.

Hitilafu inayowalemaza wengi zaidi ni mtetemo wa vyumba vya juu. Umeme huzagaa humo mara 350 hadi 600 kwa dakika, nodi ya AV ikapitisha mishtuo michache bila utaratibu, na damu ikatuama kwenye pembe za chumba cha kushoto hadi ikaganda. Donge likichomoka na kupanda kichwani ni kiharusi. Hatari yake kwa watu hawa ni kama mara 5 ya wengine. Katika nchi tajiri mtetemo huu ni wa wazee wenye shinikizo la juu la damu. Hapa kwetu huwapata pia vijana, na mara nyingi chanzo kilikuwa kooni: mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yaliyozaa homa ya baridi yabisi, iliyoharibu vali, iliyokifanya chumba cha juu kitanuke. Penisilini ya bei nafuu kwa mtoto wa miaka saba inaweza kumwepusha na kiharusi akiwa na miaka thelathini. Pombe nyingi na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemo uleule.

Mtetemo ukitokea kwenye vyumba vya chini, damu husimama na mtu huanguka papo hapo. Hayo yalimkuta Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na aliishi, kwa sababu waliomfikia walianza kukandamiza kifua chake palepale uwanjani na kumshtua kwa mashine mara kwa mara. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kukandamiza katikati ya kifua cha mtu mzima, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakuhitaji shahada.

Hitilafu nyingi huonekana mapema mkononi. Vidole viwili au vitatu vikiwekwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, na mapigo yakahesabiwa kwa dakika nzima, mtu yeyote huweza kutambua yaliyo chini ya 50, yanayopita 100 bila sababu, au yasiyo na mpangilio wowote. Ukiyaona hayo kwako au kwa mzazi wako, nenda kituo cha afya ukaombe ECG. Haina sindano, haiumi, na huchukua dakika chache.