Fomu za bima zisomwe kabla ya kutiwa sahihi



Nina dukuduku kuhusu fomu za maombi ya bima. Hapa kwetu Likunja, wilayani Ruangwa, nimemwona wakala akija na fomu ya Kiingereza. Humwuliza mwenye pikipiki maswali mawili matatu, huijaza mwenyewe, kisha humwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Wengi hudhani hiyo ni karatasi ya kuandikisha jina tu. Sivyo. Aghalabu chini yake huwa na tamko kwamba majibu yote ni ya kweli, na kwamba ndiyo msingi wa mkataba.

Sipingi mwombaji kudaiwa ukweli. Anayeficha ugonjwa au ajali ili atozwe ada ndogo anawaibia wenzake. Lakini maneno "msingi wa mkataba" yanaweza kugeuza hata jibu dogo kuwa sharti. Mwaka 1922 Mahakama ya Malodi ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni moja ya Glasgow. Fomu yake ilisema lori hulazwa mjini, kumbe lililazwa pembezoni mwa mji. Lori lilipoungua, kampuni haikupata fidia, ingawa kosa lile halikuwa la kusudi wala halikuongeza hatari.

Waingereza wenyewe, ambao tulirithi kwao sheria nyingi za mikataba, wameifuta kanuni hiyo kwa sheria za mwaka 2012 na 2015. Kwao sasa mwananchi anatakiwa kujibu kwa uangalifu maswali anayoulizwa. Akikosea licha ya kuwa mwangalifu, fidia yake haipotei.

Sisi nasi, mwaka 2021, Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mbona basi mkulima aape kwa lugha asiyoijua? Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ihakikishe kwamba fomu zinazofika vijijini ni za Kiswahili, kwamba wakala anamsomea mwombaji kila swali na jibu lililoandikwa, na kwamba mwombaji anabaki na nakala.

Nanyi ndugu wananchi, msitie sahihi majibu msiyoyajua. Atakayenyimwa fidia asikate tamaa. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Apelekewe malalamiko.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Likunja, Ruangwa.