Si kila duara kwenye ngozi ni fangasi

Duara la ukubwa wa sarafu linatokea mguuni, chini ya goti. Linawasha, linatoa majimaji, kisha linakauka na kufanya magamba. Wengi wetu tukiliona tunasema papo hapo: mashilingi. Tunanunua krimu ya fangasi duka la dawa, tunapaka mwezi mzima, na duara liko palepale.

Huenda ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Ipo aina yake inayowapata zaidi watu wazima, yenye mabaka ya mviringo miguuni na mikononi. Mara nyingi huanza ngozi ikiwa kavu. Tabaka la nje hushindwa kuhifadhi maji, na sabuni kali huzidi kulichokoza. Ukijikuna unaichubua ngozi, mwasho unaongezeka, na bakteria wanapata pa kuingilia. Ukurutu hauambukizi, hivyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Choa, yaani mashilingi, kwa kawaida huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, na katikati hutulia. Baka la ukurutu huwa na vipele au magamba duara zima. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Baka huwa la kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu. Hata hivyo, macho hudanganyika. Mtaalamu hukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini kama yana nyuzi za fangasi.

Kipimo hicho kina maana kubwa, kwa sababu dawa za magonjwa haya mawili zinatofautiana. Krimu ya steroidi hutuliza ukurutu, lakini ikipakwa kwenye choa hupunguza mwasho huku fangasi wakiendelea kusambaa. Usijinunulie krimu za mchanganyiko kwa kubahatisha.

Ukithibitishwa kuwa na ukurutu, oga kwa maji ya vuguvugu, weka dodoki kando, na upake mafuta ya mgando mara tu baada ya kujifuta, mwili ukiwa bado na unyevu. Daktari akikuandikia steroidi, kamua urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada: unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Fuata muda uliopangiwa, kwani kuzidisha hufanya ngozi iwe nyembamba.

Baka likitoa usaha, likiuma au ukipata homa, nenda hospitali bila kuchelewa.